Kabla ya kusifu shabaha ya Wafini, tazameni makaburi yao

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kuna picha isiyochoka kuzunguka: mwanamume mfupi amevaa nguo nyeupe, bunduki mkononi, na chini yake maandishi kwamba huyu aliua Warusi 500 peke yake. Kila ikirudi, yupo ndugu wa kuniuliza, "Kaka, wewe si uko hukohuko? Ni kweli haya?"

Mtu mwenyewe ni wa kweli. Ni Simo Häyhä, mkulima na mwindaji aliyezaliwa Rautjärvi mwaka 1905, na mimi naishi si mbali na huko, mashariki ya Ufini, karibu na mpaka wa Urusi. Ndiyo maana inaniuma kuona nyumbani tunashangilia hesabu ya maiti na kuliacha jambo lenyewe.

Umoja wa Kisovieti uliivamia Ufini tarehe 30 Novemba 1939. Nchi hii haikuwa na watu hata milioni nne. Aliyewavamia alikuwa na zaidi ya milioni 170. Häyhä alipelekwa kwenye mto Kollaa, akakaa kwenye theluji katika baridi iliyofika nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakutumia darubini juu ya bunduki yake. Darubini humlazimisha mlengaji kuinua kichwa kidogo zaidi, kioo chake huganda, na jua likikipiga kinammulika. Yeye alilenga kwa vyuma vya kawaida. Theluji iliyokuwa mbele ya mtutu aliishindilia ili risasi ikitoka isitimue vumbi jeupe, na nyingine aliiweka mdomoni ili pumzi yake isionekane kama moshi. Tarehe 6 Machi 1940 risasi ilimvunja taya. Alipopata fahamu, ilikuwa siku ya amani, tarehe 13. Alipoulizwa baadaye siri ya shabaha yake, alijibu neno moja: mazoezi.

Hilo neno lina uzito kuliko ile 500. Häyhä alijiunga na jeshi la mgambo la Wafini, Suojeluskunta, akiwa kijana wa miaka 17, na miaka yote hiyo alikuwa akipiga shabaha uwanjani na kuwinda msituni. Vita vilimkuta tayari, yeye na maelfu ya wanavijiji wengine wenye mikono kama yake ambao hakuna anayesambaza picha zao.

Na bunduki yake nayo ina historia ambayo mtu wa Iringa kama mimi haiwezi kumpita. Ilikuwa M/28-30, iliyoundwa Ufini, lakini asili yake ni bunduki ya Warusi ya mwaka 1891, Mosin-Nagant. Ufini ilikuwa chini ya Tsar, mfalme wa Urusi, hadi 1917, na silaha alizoziacha mtawala ndizo walizozifanyia kazi: wakaziwekea mitutu yao mipya na vyuma vyao vya kulengea. Mwaka huohuo wa 1891, mwezi Agosti, Wahehe wa Mtwa Mkwawa, chifu wao, waliliteketeza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo, Iringa, wakamuua na yeye mwenyewe, wakachukua bunduki za Wajerumani kwa mamia. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi na mizinga, na ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa akaendelea kupigana porini mpaka mwaka 1898, alipojipiga risasi asikamatwe.

Ushujaa haukupungua kwetu, na nakataa kabisa maneno ya wale wanaosema babu zetu hawakujua vita. Walichokosa ni vitu vya kuhesabika. Bunduki ya kuteka inaisha nguvu siku risasi zake zinapokwisha. Wafini walikuwa na viwanda vyao, na walipowateka Warusi, risasi za Kirusi ziliingia moja kwa moja kwenye bunduki zao kwa kuwa kipimo kilikuwa kilekile. Walikuwa na dola inayotambuliwa na miaka 20 ya kujiandaa. Kalenga haikupewa nafasi hiyo.

Hata hivyo, wapo wanaonitumia ujumbe kwamba "Wafini waliwapiga Warusi". Hapana. Walizuia nchi isimezwe, lakini walilipa. Askari wao kama 25,000 walikufa kwa siku 105. Kwa mkataba wa amani walitoa sehemu kubwa ya jimbo lao la Karelia, pamoja na mji wa Viipuri, na watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao. Mwaka 1941 wakaingia tena vitani, safari hii upande mmoja na Ujerumani ya Hitler, na hilo wenye kusambaza picha hawaligusi. Wala hawaigusi 1918, Wafini walipouana wao kwa wao, wekundu wa kisoshalisti na weupe wa upande wa serikali, na maelfu wakafia kwenye kambi za wafungwa kwa njaa na maradhi. Ile mgambo ya Häyhä ilikuwa ya upande mmoja wa ugomvi huo. Kwamba baada ya miaka 21 mtoto wa mwekundu na mtoto wa mweupe walilala handaki moja, mimi naona ni jambo kubwa kuliko shabaha yoyote.

Nina jirani hapa, mzee, ninayemwita kwa jina lake la kwanza kama desturi ya huku inavyotaka, ingawa ulimi wangu bado unatafuta kusema "babu". Bunduki yake inakaa ndani ya kabati la chuma, kibali ni cha polisi, na kila baada ya miaka mitatu lazima afanye mtihani wa kulenga ili aruhusiwe kuwinda hirvi, mnyama mkubwa wa msituni anayekaribia ukubwa wa pofu. Nyumbani, bunduki ni ya askari, ya mlinzi wa benki au ya jambazi. Gobore la mwindaji linafichwa. Huku ni kifaa cha msimu, na mzee haoni haja ya kulizungumza.

Alichotaka nikione kilikuwa uwanja wa kanisa. Karibu kila parokia ya Ufini ina safu za mawe mafupi ya askari wake. Jeshi lilijitahidi kuirudisha miili kutoka mstari wa mbele, kila maiti ikazikwa kwao. Juu ya jiwe pana jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Unatembea ukipiga hesabu: huyu alikuwa na miaka 19, huyu 22, hawa wawili wana jina moja la ukoo. Mkesha wa Krismasi kila jiwe linawekewa mshumaa. Häyhä mwenyewe, aliyefariki mwaka 2002, amezikwa uwanja wa kanisa la Ruokolahti kama mwanakijiji yeyote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wa mama yangu. Alichukuliwa mgambo mwaka 1978, Amin alipoingia Kagera, na hakurudi. Taifa lina makaburi ya Kaboya kule Muleba, na ni mahali pa heshima, viongozi huenda kuweka mashada. Lakini kutoka kijijini kwetu mpaka Muleba ni nauli ambayo bibi yangu hakuwahi kuipata. Kijijini hakuna jiwe, hakuna kibao, hakuna jina lake popote. Watoto wa shule yetu wanamjua Mkwawa, na hiyo ni haki yake, ila hawajui kwamba watu wa kata yao wenyewe walikwenda Kagera.

Hili halihitaji serikali wala wafadhili. Kila kijiji kinaweza kuwa na ukuta mdogo penye ofisi ya kijiji, kanisani au msikitini, wenye majina ya waliokwenda wasirudi. Wenzao waliorudi sasa wana miaka karibu 70 na zaidi, wanajua nani alitoka nyumba gani, na wanatutoka mmojammoja. Nimemwomba mdogo wangu apite kwa wazee wa kata yetu na daftari, aandike majina yote wanayoyakumbuka, ya Wahehe na ya wageni waliohamia. Saruji na fundi tutachanga sisi tulio nje.