Fundi anayerudisha kerneli ya zamani hajakosea sana

Kompyuta ikianza kuganda siku moja baada ya apdeti, fundi wa mtaani hapa Dar es Salaam ana jibu lisilomchukua hata dakika tano: rudisha kerneli ya zamani (kerneli ni kile kiini cha mfumo kinachoendesha mashine nzima), funga apdeti, lipwa, nenda zako. Mtaalamu wa maofisi ya Posta, katikati ya jiji, akilisikia hutikisa kichwa. Kwake huo ni uvivu, tena wa hatari, maana ugonjwa umefichwa na mlango umeachwa wazi kwa wezi. Nimefanya kazi na watu wa aina zote mbili, na naona fundi anasemwa vibaya kuliko anavyostahili.

Ubishi huu umeingia mitaani zaidi tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu za mtumba zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, isipokuwa chache, kwa hiyo wenye nazo wengine wakaona bora wapigiwe Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux. Mashine inakwenda vizuri miezi kadhaa, kisha inajishushia kerneli mpya, na kesho yake mshale wa mausi umesimama katikati ya skrini.

Nililiona jambo hili kwa karibu mwezi Februari, joto likiwa limepamba moto, kwenye steshenari moja ya Sinza. Kijana alikuwa anachapiwa CV. Saa ya kwenye kona ya skrini ilisema 10:17, ya ukutani ilishafika saa tano kasoro robo. Feni ya mashine inavuma, kibodi haijibu. "Kaka, imestaki tena," dada wa duka akanipa taarifa kana kwamba mimi ndiye niliyeigusa. Mashine zote mbili za duka zilikuwa zimeapdetiwa wiki ile ile na zote zilikuwa zinaganda. Fundi alipofika hakuuliza swali hata moja. Akazima kwa kubonyeza swichi na kuishikilia, akawasha, akaingia kwenye menyu ya kuwashia, akachagua kerneli ya nyuma, ile ambayo Ubuntu huwa haiifuti mara moja. Mashine hiyo, ile ya dirishani, haikuganda tena siku ile, wala wiki ile.

Mtaalamu angesema fundi hakupima kitu. Mimi nasema kile alichofanya ndicho kipimo chenyewe. Ukiwasha kwa kerneli ya zamani, programu ni zile zile, mafaili ni yale yale, diski na ramu hazijaguswa. Umebadilisha kitu kimoja tu. Mashine ikitulia, mshukiwa wako ni kerneli mpya pamoja na draiva zinazokuja nayo, yaani programu za kuendeshea vifaa vya mashine. Isipotulia, umeshaiondoa kerneli kwenye orodha ya washukiwa bila kutumia hata bisibisi. Hata wanaoitengeneza kerneli ya Linux, ukiwapelekea malalamiko kwamba toleo jipya limeharibu kitu, wanataka kwanza kujua toleo la mwisho lililokuwa zima ni lipi. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha, kwa miaka mingi amesisitiza kwamba badiliko likiharibu kilichokuwa kinafanya kazi, kosa ni la badiliko, si la mtumiaji.

Na yameshatokea. Zile prosesa ndogo za Intel za familia ya Bay Trail, kama Celeron N2840 na J1900, zilizojaa kwenye laptopu na kompyuta ndogo za bei nafuu, zilikuwa zikiganda kabisa kwenye kerneli mpya huku za zamani zikienda nazo vizuri. Lilifunguliwa faili la hitilafu mwaka 2015 na likabaki wazi kwa miaka. Dawa ya watu ilikuwa kuongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuwashia, ili prosesa isizame kwenye usingizi mzito. Inasaidia, ila betri inaliwa. Mwezi Desemba 2023 nao Debian, watengenezaji wa mfumo mwingine wa Linux, waliahirisha toleo la 12.3 kwa sababu kerneli yake, 6.1.64, ilikuwa na kosa la kuharibu mafaili kwenye diski zilizopangwa kwa mtindo wa ext4. Wakatoa 12.4 haraka. Wikiendi ile aliyechelewa kuapdeti ndiye aliyepona.

Mtaalamu atajibu: sawa, basi tafuta badiliko lenyewe lililoleta shida, liripoti, lirekebishwe. Njia ipo, na ni nzuri ajabu. Unachukua kerneli isiyoganda na kerneli mbovu, unajaribu ya katikati. Ikiganda, tatizo liko nusu ya kwanza, isipoganda liko ya pili. Unagawa tena. Toleo moja jipya hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini kwa kugawa nusu kwa nusu majaribio 14 yanatosha kumnasa mhalifu mmoja. Kwenye karatasi namba hiyo inapendeza sana.

Sasa ilete Sinza. Mashine ile ilikuwa inaganda mara moja kwa siku mbili, pengine zaidi. Ili utamke kwamba kerneli fulani ni salama, huwezi kuridhika na siku mbili za utulivu, lazima uipe angalau nne. Majaribio 14 mara siku nne yanaweza kufika siku 56. Hapo sijahesabu saa za kuijenga kila kerneli kwenye prosesa dhaifu, umeme ukikatika katikati kazi inasimama, wala bando la kushusha msimbo wake. Sijahesabu pia wateja watakaopoteza kazi zao kila inapoganda, kwa sababu kuganda ndicho kipimo. Na kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, yaani siku 63 hadi 70. Ukimaliza uchunguzi wako, toleo jingine liko mlangoni. Nimeizungusha hesabu hii mara nyingi nikitafuta pa kuipunguza, na kila nikiipunguza nakuta nimeidanganya. Mtu anayemcheka fundi kwa kutofanya hivyo ana mashine ya ziada mezani na mshahara wa mwezi.

Upande wa usalama siupuuzi. Mwaka 2022 ilitangazwa Dirty Pipe, kosa lililomwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya faili asilo na ruhusa nalo na kujifanya mkubwa wa mashine. Steshenari si mahali pa kulichukulia hilo kirahisi: kwenye diski ya duka lile kuna nakala za vyeti, vitambulisho vya NIDA na mikataba ya nyumba ya nusu ya mtaa, na kila saa inachomekwa flashi isiyojulikana ilikotoka. Hapa mtaalamu ana haki kabisa. Ila kosa hilo liliingia na kerneli 5.8, aliyekuwa nyuma ya hapo halikumhusu. Dirty COW, kosa jingine la kerneli lililotangazwa 2016, ndilo linalomwumbua fundi vizuri zaidi, maana lilikuwa limekaa humo tangu 2007, na aliyefunga apdeti milele alifungiwa nalo ndani.

Kwa hiyo ugomvi wangu na fundi uko kwenye lile neno "milele". Kurudi nyuma sina shida nako. Anafunga, anaondoka, hakuna anayekumbuka kufungua. Siku ile ya Sinza nilimwomba akate kipande cha masking tepu, akaandika namba ya kerneli iliyoachwa na tarehe ya kujaribu mpya, wiki sita mbele, akakibandika juu ya mashine. Alicheka, lakini aliandika.

Mashine ya pili haikukubali. Nayo ilirudishwa nyuma, na alasiri ikaganda vile vile. Hapo ndipo haraka ya fundi inapomponza, kwa sababu alitaka kurudi nyuma kerneli moja zaidi, wakati kipimo chake kilikuwa kimeshampa jibu. Niliipigia pingi, ujumbe mfupi wa mtandao wa kuuliza kama mashine ipo, kutoka kwenye simu ikiwa imeganda. Ingejibu, ningejua kerneli iko hai na ni skrini tu iliyokwama. Haikujibu. Tulipoiwasha, kumbukumbu za mfumo za kabla ya kuzimwa, zile za journalctl -b -1, zilikatika ghafla bila kosa lolote, jambo linaloelekeza zaidi kwenye joto, ramu au umeme. Tukafungua kifuniko. Vumbi kwenye feni ya prosesa lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto, na ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati imekauka mpaka inabanduka kwa kucha. Apdeti ilikuwa imeangukia tu wiki ya joto kali.

Wiki sita zilipoisha nilipita tena. Mashine ya dirishani tuliiwekea kerneli mpya zaidi siku ya Jumamosi, wateja wakiwa wachache, ya zamani ikibaki kwenye menyu. Jumatano ilikuwa bado haijaganda. Dada wa duka alitaka kuibandua ile tepu. Nikamwambia aiache mpaka Jumatatu.