Natafuta Gari, Nauziwa Muziki

Kosa langu lilikuwa kusema. Kigoma hii, ukitamka asubuhi pale Mwanga kwamba una milioni kumi na nne za gari, mchana Ujiji wameshajua, na jioni shemeji wa Kasulu anapiga simu kuomba akopeshwe mbili.

Na sikuwa na makuu. Tumechoka kupanda mshikaki kwenye bodaboda. Nilitaka kigari kilichoinuka kidogo, maana mvua zikianza mtaa wetu ni korongo, kiwe na mikanda inayofunga na breki zinazoshika. Basi.

Nikafikiria kuagiza Japani. Nikapiga hesabu: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likiwa la zamani unalipia na uchakavu wake, kana kwamba wewe ndiye uliyelichakaza. Kodi ikawa inakimbizana na bei, na gari bado iko Yokohama inapigwa upepo! Halafu iteremke Dar, iendeshwe zaidi ya kilomita 1,200 mpaka huku. Stanley alifika Ujiji mwaka 1871 kwa miguu. Siku hizi namwelewa.

Ndipo nikaangukia mikononi mwa madalali.

"Bosi, hii RAV4 ilikuwa ya mama mmoja wa kanisani. Kazini, kanisani, nyumbani."

Magari yote ya nchi hii yalikuwa ya mama wa kanisani. Sijui hizi bampa huwa anazipasua nani. Nikauliza habari za usalama, akaniwashia redio. Nikauliza breki, akanionyesha rimu.

Fundi wangu naye, ukimtajia injini ya D4, anafuta mikono kama mtu anayeaga marehemu. Anasema injini ile inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ikianza kusumbua utamjua kila fundi mjini kwa jina. Niambae RAV4 ya injini ya cc 2000 yenye D4, nitafute ya 1800. X-Trail ile ya zamani niliipenda, lakini mita ya spidi iko katikati ya dashibodi. Mama mkwe akikaa nyuma mwendo wangu wote anausoma yeye. Hapana.

Mke wangu akaja na lake. "Baba Neema, sisi watu sita. Hizo gari zina mikanda mitano. Nani unamtoa?"

Nilinyamaza, kwa sababu jina lililonijia lilikuwa la mama yake.

Vanguard zipo za viti saba, ila injini ni 2400, na milioni zangu kumi na nne ukizitaja mbele ya Vanguard zinaona haya.

Jumamosi tukaenda kuona RAV4 ya 1800, inang'aa kama mgebuka umetoka ziwani sasa hivi. Fundi akaniambia nizungushe ufunguo nisiwashe injini, nitazame taa: ile ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ya oili ikawaka. Ya betri ikawaka. Ya eabegi, kimya.

Dalali akafurahi. "Unaona? Haina tatizo, hata taa haiwaki!"

Fundi akafungua kifuniko cha katikati ya usukani. Palipotakiwa kuwa na mfuko wa hewa palikuwa na sponji. Sponji, jamani! Nikigonga mwembe, kifua changu kinapokelewa na kipande cha godoro. Na ile taa ya dashibodi ilishachomolewa ili isije ikasema ukweli.

Neema, wa darasa la sita, alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Fundi alimfundisha kusoma zile tarakimu nne za ubavuni mwa tairi: mbili za wiki, mbili za mwaka.

"Baba, 2309. Wiki ya 23, mwaka 2009. Hili tairi ni dada yangu."

Tukarudi kwa bajaji, watu sita, mkanda sifuri. Mama mkwe akaniuliza kwa upole kama ndiyo nimeshanunua hii.

Jana usiku dalali kapiga simu, anahema. Eti kanielewa sasa mimi ni mteja wa aina gani, na kanipatia mzigo wangu. "Bosi, hii njoo uione mwenyewe. Ukiwasha tu, taa zote zinawaka, na hazizimi!"