Asilimia 100 ya nini?

Nimeletewa tena ripoti ya upimaji wa itifaki (kanuni za kompyuta kuwasiliana), kijani kuanzia juu hadi chini: mipito yote, yaani kila kuhama kwa mashine (programu inayopimwa) kutoka hali moja kwenda nyingine, imepitiwa, asilimia 100. Hongera zenu. Ila kila mpito uliishia hali gani? Hapo kimya. Kilichoangaliwa ni majibu tu.

Chukueni TCP, itifaki ya kusafirisha data kwenye intaneti. Muunganisho uko ESTABLISHED (umeshaunganishwa), inaingia FIN (“nimemaliza kutuma”), inatoka ACK (“nimepokea”), na mashine inatakiwa ihamie CLOSE-WAIT (mwenzetu kafunga, bado sisi). Tuseme aliyeandika programu kasahau mstari wa kuhamisha hali. ACK inatoka vilevile, mpimaji anaweka tiki. Baadaye muunganisho unafungwa, FIN inatoka, nayo ni sahihi, tiki nyingine. Kumbe mashine iliyo nzima sasa ingekuwa LAST-ACK (inangoja ACK ya mwisho tu), na hii yetu imeingia FIN-WAIT-1, kana kwamba sisi ndio tulioanza kufunga. Ikipata ACK inasogea FIN-WAIT-2 na kukaa inangoja FIN iliyokwisha kupokelewa zamani. Kosa lilitokea mbele ya macho ya mpimaji, akalitilia tiki!

Na si kwamba dawa haijulikani. Mtafiti Chow alichapisha mbinu ya W, seti ya maingizo ya kutofautisha hali zote, mwaka 1978. Sabnani na Dahbura wakaja na mifuatano ya UIO, maingizo ambayo majibu yake hutolewa na hali moja tu, mwaka 1988. Baada ya kila mpito unaitumia mashine maingizo ambayo majibu yake yanaumbua hali iliyomo. Haya, nakubali: si kila hali ina UIO, na mashine ikiwa na hali za ziada zilizofichika, majaribio ya W yanafumuka hadi yanatisha. Basi pima kidogo, useme umepima kidogo. Hiyo asilimia 100 mnaitoa wapi?

Halafu, kwenye mchoro wa hali ambako kila mpito ni mshale, kuna mishale ambayo haikuchorwa kabisa. Mwaka 2018 iligundulika kwamba seva ya libssh (maktaba ya SSH, itifaki ya kuingia kompyuta ya mbali) ikipokea ujumbe wa “uthibitisho umefaulu” kutoka kwa yule yule anayeomba kuingia, inamwamini. Ujumbe huo ni wa seva kuutuma, si kuupokea! Mtu anajigongea muhuri mwenyewe, anapita, nenosiri haulizwi. Ukifuata mishale ya mchoro peke yake, hilo hulioni hata ukeshe. Vile visanduku vitupu vya jedwali la hali na maingizo, yaani maingizo ambayo hali husika haikupangiwa, navyo vipimwe, hata kama vinachosha. Vinachosha kweli.

Ripoti ijayo naomba safu moja tu ya ziada: hali ya mwisho, na mmeithibitishaje.