Hamira haikushindwa na mkulima

Mwaka 2016, Sanofi, kampuni ya dawa ya Ufaransa, ilipoamua kuiuzia Huvepharma ya Bulgaria kiwanda chake cha Garessio, Italia, kuna walioshangilia. Kiwanda hicho kilikuwa na uwezo wa kutoa tani 50 hadi 60 za artemisinini kwa mwaka kwa kutumia hamira, na mwaka 2015 hakikutoa hata gramu. Artemisinini ndiyo malighafi ya dawa mseto za malaria, na kwa kawaida hutolewa kwenye majani ya mmea wa artemisia. Jembe limeipiga maabara, wakasema. Mimi nina mashaka na ushindi huo.

Turudi kwenye bei. Mwaka 2005, nchi zilipokuwa zikihamia dawa mseto, kilo ya artemisinini ilifika takriban dola 1,100. Miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya dola 250. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 vya miligramu 20 za artemeta, dawa inayotengenezwa kwa artemisinini, yaani karibu nusu gramu. Hata kama kiwandani hakipotei kitu, kilo moja inatibu watu elfu mbili hivi. Malighafi peke yake, basi, ilikuwa zaidi ya senti 50 za dola kwa kila mgonjwa, kisha ikawa kama senti 12. Anayenunua dozi za nchi nzima ataipangaje bajeti hapo? Na mkulima je? Akisikia bei imepanda, anapanda. Artemisia hukaa shambani kwa miezi, majani makavu hutoa artemisinini asilimia moja au pungufu ya uzito wake, na hadi ifike dukani kama kidonge mwaka umekwisha. Wakati huo kila jirani naye amepanda.

Hamira haina msimu. Timu ya Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliihamishia jeni za artemisia, na kufikia 2013 ilikuwa ikitoa gramu 25 za asidi ya artemisiniki kwa lita. Wanakemia humalizia kazi kwa mwanga, wakiigeuza asidi hiyo kuwa artemisinini.

Wanaopinga wana hoja. Artemisia inalimwa na wakulima wadogo China, Vietnam na hapa kwetu Afrika Mashariki, na tangi la Ulaya linalolishwa sukari halimwachii mkulima wa huku kitu. Tena artemisinini ya hamira iliuzwa dola 350 hadi 400 kwa kilo, ghali kuliko ya shambani, baada ya mamilioni ya dola za wafadhili. Wengine wataongeza kwamba ujio wa kiwanda peke yake uliitikisa bei. Huenda. Lakini bei ilikuwa ikipanda na kuporomoka kabla Garessio haijawasha tangi hata moja, na mwaka ule matangi yalipokaa makavu, mkulima bado alilipwa kiduchu.

Kosa lilikuwa kulitaka tangi lishindane na shamba kila mwaka. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hayaitwi hasara mahindi yanapokuwa mengi sokoni. Sanofi ilikuwa kampuni tu. Hakuna aliyekubali kuilipa ili matangi yasubiri mwaka wa uhaba.