Nilivyoingia Guatemala kwa Ngazi

Sisi watu wa Kigamboni pantoni haitutishi. Ndiyo maana tulipofika San José Succotz, magharibi mwa Belize, nchi ya Amerika ya Kati inayopakana na Guatemala, nikaona pantoni ya kuvukia Mto Mopan inaendeshwa na mzee mmoja anayezungusha mpini wa chuma kwa mkono, tena gari limepakiwa, nikacheka. Mzee akanipa mpini. Kufika katikati ya mto kicheko kimekwisha, viganja vinawaka moto.

Ng'ambo unapanda mlima kama maili moja hadi kwenye magofu ya Xunantunich. Jina hilo ni la Kimaya, lugha ya Wamaya, watu wa asili wa huko waliojenga mji huo zamani, na maana yake ni mwanamke wa jiwe. Wenyeji husimulia habari za mwanamke wa nguo nyeupe anayepanda ngazi na kupotelea ukutani. Mama Zawadi kusikia hivyo, akatafuta kivuli.

"Panda wewe Baba Zawadi. Mimi nitakupiga picha ukianguka."

Wamaya walijua kuchagua kiwanja. Mji wameuweka juu ya kilima cha mawe ya chokaa, mto uko chini, halafu kana kwamba kilima hakitoshi, wakasimamisha juu yake El Castillo, piramidi ya mita kama 40. Nikafika kileleni natweta. Msitu pande zote, upepo mwanana. Nikatoa simu nipige picha. Ikalia, ujumbe umeingia.

"Karibu Guatemala."

Jamani, pasipoti yangu ina muhuri wa Belize. Visa ya Guatemala sina, Kihispania chenyewe naishia "gracias". Kutupa macho chini, mlinzi mwenye sare ananitazama. Nikajua nimekwisha, nimeingia nchi ya watu bila hodi. Nikajibanza ukutani, nikaanza kushuka kimyakimya. Lakini ngazi za Wamaya ni nyembamba na zimesimama wima, hazikujengwa kwa ajili ya mtu anayekimbia uhamiaji. Nikaona heri nishuke kwa makalio. Ngazi ya tatu tu, suruali ikasema praaa!

Mlinzi hakuwahi kuuliza kitu. Nilimkabidhi pasipoti kwa mikono miwili.

"Samahani mkuu, sikuona mpaka."

Akatazama pasipoti, akatazama simu, akacheka hadi akashika ukuta. Mpaka ulikuwa kule magharibi, kama kilomita moja hivi, akanionyesha kwa kidole. Mtandao wa jirani ndio unaopanda piramidi kuliko wa kwao. Hata simu yake huenda Guatemala kila siku, yeye akibaki kazini.

Wakati wa kurudi nilisimama mgongo kwenye reli ya pantoni. Mzee akanipa tena mpini. Nikakataa, maana kuuzungusha lazima uiname. Katikati ya mto simu ikalia: "Karibu Belize."

"Haya, umesharudishwa," akasema Mama Zawadi, akatoa kanga mkobani akanifunga kiunoni, jina likakaa nyuma: Mgeni njoo mwenyeji apone.

Mzee akauliza imeandikwa nini.

"Imeandikwa hana visa," akamjibu.