Kanuni ya 2020 haikufuta ujanja wote wa mashoto
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba kanuni ya besiboli ya Marekani ya 2020, inayomtaka mrushaji akabiliane na wapigaji wasiopungua watatu isipokuwa zamu ya timu kupiga ikiisha kabla, imefuta ujanja wote wa kubadilishana warushaji wa kulia na wa kushoto, unaotegemea kwamba mpigaji wa kushoto hupata taabu zaidi mbele ya mrushaji wa kushoto. Mimi naona imefuta nusu tu. Alichofanya Paul Richards, kocha wa Chicago White Sox, mwaka 1951, yaani kumsogeza Harry Dorish, mrushaji wa kulia, akalinde kituo cha tatu ili Billy Pierce wa kushoto amkabili mpigaji mmoja tu, Ted Williams wa kushoto, kisha Dorish arudi kurusha, kweli hakiwezekani tena. Lakini mtego wa timu ya Washington katika mchezo wa mwisho wa fainali za 1924 ungali hai: Curly Ogden wa kulia alianza, New York wakampanga Bill Terry, mpigaji wa kushoto, na baada ya wapigaji wawili akaingia George Mogridge, mashoto. Leo Ogden angesubiri mpigaji mmoja zaidi, basi, na mtego ungefanya kazi vilevile, maana mchezaji aliyetolewa bado haruhusiwi kurudi: New York wangemwacha Terry amkabili mashoto au wampoteze kabisa. Nimefundisha besiboli wanafunzi hapa Moshi, na kikwazo chetu wala si kanuni: glavu zote tulizopata ni za kuvaa mkono wa kushoto, hivyo mashoto wetu pekee huivaa yake kinyume mkono wa kulia, kidole gumba kikiwa kwenye nafasi ya kidole cha mwisho, na bado wapigaji wa kushoto wanamhofia. Wenzangu wa Arusha, glavu za mashoto mnazipata wapi?