Gauni halijakauka jasho

Jamani, mbona hakuna aliyetuambia maisha baada ya chuo yako hivi? Gauni la mahafali nimelirudisha juzi tu, shingo bado inawasha, na shangazi kule Masindi ameshapiga simu eti sasa wewe ni mtu mkubwa, mdogo wako anahitaji ada. Ada? Mimi? Mimi ninayenunua rolex moja, ile chapati ya kuviringishwa na mayai mawili, pale Wandegeya, Kampala, naikata nusu, hii ya mchana ile ya usiku? Kazi nikiomba wanataka uzoefu wa miaka 5, ningeupata wapi, tumboni? Chumba nacho, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 3 mbele na barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa, halafu choo tunagombania watu 9! Hata boda wa steji ananiita bosi. Bosi wa nini, ndugu yangu?